Kura ya Ewald Lehnigk

Jumapili ya uchaguzi wa jimbo nilitengeneza saladi ya viazi ya kutosha harusi, na walaji wakawa tisa. Siegmar, mwenye baa, alitufungulia sisi wa tawi la chama chumba cha nyuma kama anavyofanya kila uchaguzi tangu ukuta wa Berlin uanguke. Alipanga viti, akawasha televisheni, akarudi kaunta kwake bila kusema neno. Siegmar si mtu wa kunyamaza. Ningekuwa na akili ningeanza kuogopa hapo hapo.

Almut Lehnigk aliingia dakika chache kabla vituo havijafungwa, amevaa koti jekundu la marehemu mama yake. Alikuwa amekaa kwenye bunge la jimbo mihula miwili kwa niaba yetu, watu wa Kolkwalde na vijiji vinavyozunguka shimo la makaa ya mawe. Kabla ya siasa alikuwa mtaalamu wa viungo kwenye hospitali ya hapa hapa, anawanyoosha watu migongo na magoti, na nadhani nusu ya kura zake za mwanzo zilitoka kwenye magoti hayo. Mimi nimemjua tangu yuko tumboni. Mama yake, Roswitha, alikuwa jirani yangu na rafiki yangu.

"Shangazi Heidrun, umepikia jeshi?"

"Kula. Usiniletee maneno."

Hakula. Saa kumi na mbili jioni zile nguzo za rangi za makadirio ya kura zikapanda kwenye televisheni, na ya kwetu ikakomea chini kabisa, kama kisiki. Baadaye yakaja matokeo ya mji wetu wenyewe, kutoka ukumbi wa michezo wa shule. Kiti kilikwenda kwa Falko Budich, fundi wa paa, aliyesimama kwa tiketi ya kile chama kipya cha wenye hasira. Almut alikuwa wa tatu. Wa tatu nyumbani kwao, mahali ambapo miaka ya nyuma tungemsimamisha hata mbuzi akashinda.

"Basi," alisema Almut, na akajaribu kutabasamu. "Angalau kura mbili nazijua. Yangu na ya Baba."

Tukacheka kile kicheko cha matangani.

"Kwani mzee yuko wapi?" mtu akauliza.

"Anasema mgongo unamsumbua."

Mimi mchana ule nilikuwa nimemwona mzee Ewald juu ya ngazi, anachuma plamu. Nikajishughulisha na sahani.

Falko mwenyewe alipita kabla hatujatawanyika. Alivua kofia mlangoni, akaja moja kwa moja kwa Almut na kumpa mkono.

"Ulipigana vizuri, Almut."

"Hongera, Falko. Sasa usituharibie."

"Nitajitahidi."

Alitaka kuongeza kitu, nikamwona anakitafuta, kisha akaivaa kofia yake akaondoka. Huko nje watu wake walikuwa wanapiga honi.

Lazima niseme kidogo kuhusu Ewald, maana bila yeye pasingekuwa na tawi. Alikuwa fundi wa ile mitambo mikubwa ya kuchimbia makaa, mtu mwenye vidole vinene na sauti ndogo. Majira ya baridi baada ya ukuta kuanguka, yeye na wenzake wanne walikaa mezani jikoni kwangu wakaanzisha chama upya, chama cha babu zao, kile ambacho utawala uliopita wa kikomunisti ulikuwa umekimeza. Walikunywa kahawa yangu yote. Roswitha alioka keki, na tangu siku hiyo hakuacha kuoka. Kila Jumamosi ya soko alisimama chini ya mwavuli wa chama akiwakatia watu vipande. Tulikuwa tunamtania kwamba keki ya Roswitha imeleta kura nyingi kuliko hotuba zote za mumewe, naye Ewald alikubali kwa furaha kabisa. Siku Almut alipoteuliwa kugombea kwa mara ya kwanza, nilimwona mzee huyo akijifanya anasafisha miwani.

Kisha likaja suala la hospitali.

Serikali ya mseto, ambayo sisi tulikuwa ndani yake, iliamua kwamba hospitali ndogo ndogo zifungwe na huduma zikusanywe kwenye chache kubwa. Almut alisimama kwenye ngazi za hospitali yetu, watu wamejaa hadi barabarani, akasema, "Nikiwa bado bungeni, mlango huu hautafungwa." Ewald alikuwa mstari wa mbele. Tulipiga makofi hadi viganja vikauma.

Miezi michache baadaye ikapigwa kura bungeni, na Almut akanyoosha mkono pamoja na wenzake. Alirudi akatueleza. Serikali ingevunjika. Kungekuwa na uchaguzi wa mapema na wale wenye hasira wangeshinda. Kutakuwa na helikopta, kutakuwa na daktari wa kwenye simu, kutakuwa na basi. Alieleza vizuri, na sisi tukachukua maelezo yake tukaenda kuwaeleza wengine sokoni. Hospitali ikafungwa. Daktari Nassim, yule Msiria aliyekuwa akimtibu Roswitha presha, akahamia mji mwingine. Ghorofa ya chini ikafanywa nyumba ya kutunzia wazee.

Majira ya baridi yaliyofuata Roswitha alianguka jikoni. Kiharusi. Gari la wagonjwa lilikuwa upande wa pili wa wilaya na barabara ilikuwa barafu tupu. Kutoka dirisha la jikoni kwao jengo la hospitali linaonekana wazi, ukitaka unahesabu madirisha. Alifikishwa kwenye ile hospitali kubwa, akaishi siku chache bila kuongea, akafa.

Mazishini Ewald alimshika Almut mkono kuanzia kanisani hadi kaburini. Hakuna aliyesema lolote mbele yao kuhusu hospitali. Majumbani kwetu tulisema sote. Mbele yao, hapana. Na kwa kuwa hatukusema, nadhani Almut alianza kuamini kwamba jambo hilo halipo.

Wakati wa kampeni chama kilituletea mabango kutoka mji mkuu wa jimbo. Picha ya Almut, na chini yake maneno: Tuko karibu nawe. Kijana mmoja wa kutoka huko huko aliyapachika usiku, akalifunga moja kwenye uzio wa hospitali ya zamani. Lilikaa pale wiki nzima kabla mimi sijaenda na mkasi.

Wiki mbili baada ya kushindwa, makao makuu yalimtuma mtu aje kufanya nasi mkutano wa tathmini. Alikuwa mama wa makamo, Daktari Cordula Weyrich, si daktari wa tiba, daktari wa kusoma. Alikuja na ubao wa kubandikia na kadi za rangi. Alikuwa na macho ya mtu ambaye hajalala tangu matokeo. Chama kimepoteza viti, na viti vikipotea na mishahara ya watu kama yeye inapotea.

"Tusilaumiane," alisema. "Kila mmoja aandike funzo moja tu. Chama kinapaswa kujifunza nini kutokana na matokeo haya?"

Tukaandika kama watoto wa darasa la kwanza. Mmoja aliandika kwamba upepo mbaya ulitoka Berlin, kwa serikali kuu. Mwingine akaandika kwamba vijana wako kwenye simu na sisi tuko sokoni na mwavuli. Dereva wa treni mstaafu aliandika kwamba wenye hasira wana sentensi fupi na sisi tuna sentensi ndefu. Siegmar, ambaye si mwanachama hata kidogo, alipita na trei akasema, "Andika bia imepanda bei," na Daktari Weyrich, sijui kwa uchovu au kwa heshima, akaiandika kweli akaibandika.

Almut alikaa pembeni. Kadi yake ilisema: Tulishindwa kuyaeleza maamuzi yetu.

Ewald alikuja safari hii. Alikuwa amevaa shati la kanisani. Kadi yake aliiacha mezani, nyeupe, na kalamu juu yake.

"Mzee Lehnigk," Daktari Weyrich akamwambia kwa upole, "wewe ndiye mwanzilishi. Ningependa sana kusikia kutoka kwako. Kwa nini unadhani watu hawakutupigia kura?"

"Watu siwezi kuwasemea," alisema Ewald. "Mimi najua kwa nini sikuwapigia mimi."

Nilidhani nimesikia vibaya. Daktari Weyrich naye alidhani hivyo, maana alitabasamu.

"Hukukipigia chama?"

"Sikukipigia chama. Na mgombea pia sikumpigia."

Hakuna aliyemtazama Almut. Kila mtu alipata kitu cha kutazama, huyu kucha, huyu kioo. Mimi nilimtazama, kwa sababu Roswitha hayupo wa kumtazama. Alikuwa amekaa vile vile, mikono magotini, na rangi inamtoka usoni taratibu.

"Baba," alisema.

"Nimeulizwa, mwanangu. Ningeulizwa mapema ningejibu mapema."

Kisha akasimama, akamwomba Daktari Weyrich radhi kwa kumharibia jioni, akachukua kofia yake. Yule mama alibaki na kadi mkononi. Hakuandika. Baada ya muda akaanza kung'oa zile nyingine ubaoni moja moja, na hakuna aliyemwambia aache.

Kesho yake nilikuwa jikoni kwa Ewald tunapika jamu ya plamu. Kila Septemba tulikuwa tunapika watatu, na sasa tumebaki wawili. Jamu hiyo haina mzaha. Unaikoroga saa nyingi, ukiacha kidogo tu inashika chini ya sufuria. Kwa hiyo Almut alipoingia sikuweza kutoka, ingawa ningependa ardhi ipasuke. Nikawapa mgongo nikaendelea kukoroga.

"Nilitaka unijibu nyumbani," alisema Almut. "Si mbele ya watu. Ni kwa sababu ya Mama?"

"Kaa kwanza."

"Sikai. Ni kwa sababu ya Mama?"

"Ndiyo."

"Daktari aliniambia kwamba hata kama angefika mapema, huenda..."

"Huenda," alisema Ewald. "Najua. Mimi pia aliniambia huenda. Ningeishi nayo hiyo huenda, Almut. Watu wanaishi nayo. Lakini ulisimama kwenye zile ngazi. Mama yako alikuwa kando yangu, akanigusa na kiwiko, akasema, msikie mwanao."

Almut akakaa.

"Ningefanya nini? Niambie. Ningekataa, wangenivua kila kitu, na sheria ingepita vile vile kwa kura ya mwingine."

"Labda."

"Si labda. Ingepita."

"Basi ingepita bila mkono wako," alisema mzee. "Na mimi ningeingia kwenye kile kibanda nikaweka alama yangu kama kawaida. Nililisoma jina lako, nikalisoma tena. Lehnigk. Ni jina langu pia. Nilisimama pale mpaka yule mama wa kituo akauliza kama najisikia vibaya."

Jamu ilikuwa inapiga mapovu mazito. Nikapunguza moto.

"Uliacha wazi?" akauliza Almut. Sauti yake ilikuwa karibu na ombi. "Karatasi, uliiacha wazi?"

Nilimsikia Ewald anavuta kiti.

"Nilimpigia Falko."

Sijawahi kumsikia Almut akilia kwa sauti, hata mazishini. Wala safari hii hakulia. Alitoa mlio mdogo tu, kama mtu aliyegonga kidole.

"Falko. Baba. Unajua wanavyosema hao? Daktari Nassim, aliyempima Mama presha kila mwezi, wangemfukuza na familia yake. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Na ukaweka alama."

"Nikaweka. Na sijivunii. Sijala vizuri tangu siku ile, muulize Heidrun." Akaendelea polepole. "Mama yako alipoanguka nilitoka nje na ndala, kwenye barafu, napiga kelele kama mwendawazimu. Falko ndiye aliyekuja. Alikaa sakafuni hapa, hapo ulipoweka miguu, kichwa cha mama yako mapajani kwake, akawa anamsimulia habari za paa la kanisa, vigae gani vimepasuka, vipi bado ni vizima, muda wote mpaka gari likafika. Hakuniambia habari za chama siku hiyo. Wala baadaye. Alikuja kunisafishia theluji hadi Machi. Wewe ulikuwa bungeni."

"Nilikuwa kazini."

"Ulikuwa kazini. Sikulaumu kwa hilo. Kazi hiyo nilikutuma mimi." Alikohoa. "Kuna mtu mwema kwenye chama kibaya, na kuna..."

Hakumaliza, na Almut hakumwomba amalize. Alinyanyuka, akaja kwenye jiko akasimama nyuma yangu, akanikumbatia kutoka mgongoni kwa nguvu sana, mimi na mwiko wangu, kisha akatoka. Koti lake jekundu lilibaki kwenye kiti. Ewald alilikunja, akaliweka mapajani, akakaa nalo. Sehemu ya jamu ilishika chini. Tuliitupa.

Mwezi uliofuata ulifanyika mkutano mkuu wa chama wa jimbo, na Almut, ambaye hakuwa na cheo tena, aliomba dakika za kuzungumza wanazopewa wajumbe wa kawaida. Nilikwenda naye. Ripoti ya tathmini ilikuwa imeshachapishwa, karatasi nzuri, ya kung'aa. Kuhusu wilaya yetu walisema kwamba maamuzi magumu yaelezwe mapema zaidi na kwa lugha nyepesi. Daktari Weyrich alinipigia simu baadaye kuniambia kwamba yeye aliandika zaidi ya hapo, wakamkatia. Alikuwa anafungasha vitu vya ofisi. Nilimkaribisha aje kula plamu, na nilimaanisha, lakini hakuja.

Almut alipanda jukwaani bila karatasi.

"Niliandika kwenye kadi kwamba tulishindwa kueleza," alisema. "Nimekosea. Tulieleza vizuri sana. Watu walitusikia na wakatuelewa neno kwa neno. Niliwaahidi watu wangu mlango, nikauuza ili serikali ibaki, na serikali haikubaki. Tusiende tena kuwatafutia maneno mapya. Twende tukaulize ni nani aliyekuwa anasubiri gari. Mimi mmoja wao nilikuwa namwita Mama." Akaisogelea maikrofoni. "Na kama hatuwezi kutunza ahadi, tusipande kwenye ngazi za watu."

Walimpigia makofi ya adabu. Wachache walisimama. Mwenyekiti akamshukuru kwa mchango wake wa dhati, akamwita msemaji mwingine, ambaye alizungumzia kodi ya majengo. Njiani kurudi Almut aliendesha gari, na mara moja tu akasema, "Nilitaka Baba asikie." Ewald alikuwa amealikwa. Alikuwa amesema mgongo unamsumbua.

Tawi letu lilivunjwa baada ya mwaka mpya. Hakupatikana wa kugombea uenyekiti. Ewald alikuwa ameshajitoa kwenye chama, Almut yeye hakujitoa ila hakutaka cheo, na mimi nina miguu mibovu. Nilimrudishia Siegmar ufunguo wa chumba cha nyuma. Siku hizi wanacheza karata humo. Falko yuko bungeni, na kila nikimwona anazidi kukonda. Juzi chama chake kilipiga kura ya kupunguza magari ya wagonjwa ya usiku, naye akanyoosha mkono pamoja na wenzake. Ewald alisoma gazetini, akalikunja. Nilimwona siku hiyo hiyo akivuka barabara akigonga mlango wa Falko. Sijui waliongea nini. Alirudi upesi.

Almut amerudi kwenye kazi yake ya viungo, kwenye nyumba ile ya wazee, jengo lile lile. Wazee wanampenda. Kuna mmoja anayemwita kwa jina la Roswitha na yeye anaitika.

Jumapili anakuja kula kwa baba yake, hajakosa hata moja. Nyumba zetu zimeshikana, ukuta kati yangu na jikoni kwao ni mwembamba, na zamani Jumapili sikuwa nahitaji redio. Walikuwa wakibishana siasa, baba na mwana, kodi, makaa, Berlin, mpaka Roswitha anagonga meza na kusema supu inapoa. Sasa nasikia vijiko. Ewald anauliza kama barabara ina utelezi. Almut anasema kidogo, si sana. Mzee anauliza kama viazi vimeiva. Almut anasema vimeiva, Baba. Halafu vijiko tena.

Jumapili iliyopita nilizima jiko langu nikasubiri kidogo, nikidhani labda mmoja wao ataanza. Almut aliosha vyombo, akambusu mzee, nikasikia mlango. Ewald alibaki amekaa. Nilimsikia akisema peke yake, kwa ile sauti yake ndogo, "Endesha taratibu," na gari lilikuwa limeshafika mwisho wa barabara.